Ni Hii Kompyuta

Kabuga, Kigali
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Johnson,

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Ingrid na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Ntare kimekwisha na mvua za Mwanza zimewaachia angalau siku moja ya kuanika nguo. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vumbi la barabara ya Rusumo limetulia, mahindi ya Mama nyuma ya nyumba yamefika magotini, na jirani yetu yule wa mbuzi bado ana mbuzi wake na bado hamfungi.

Najua utashangaa. Utasema, Gwiza kaishiwa bando. Bando ninalo, kaka. Ila kwenye simu unaongea wewe, mimi nasikiliza, na nikifungua mdomo unaniambia nifupishe uko kazini. Halafu sauti yako ikitoka kwenye simu yangu inafika mpaka kwa huyo mwenye mbuzi, na Mama siku hizi habanduki ubavuni mwangu. Kwa hiyo nimeshika kalamu kama alivyotufundisha mwenyewe, na Cassien atakuletea mkononi lori lake likishuka huko. Soma yote, usiruke.

Nianze na ombi, sababu zitakuja nyuma yake. Ile kompyuta mpya uliyoahidi usiitume. Kama umeshainunua, wape watoto wako. Na usinipigie kunigombeza kabla hujafika mwisho wa barua.

Unaikumbuka hiyo mashine yetu. Baba aliinunua kwenye ofisi moja ya Kiyovu iliyokuwa inafunga, akaipakata kwenye teksi mpaka Kabuga, hataki hata kuiweka sakafuni. Mama akaidarizia kitambaa cha kuifunika, maua mekundu na jina la Baba pembeni, na tangu Baba azikwe hajawahi kuizima bila kuifunika. Kwa kompyuta hiyo ametuvusha. Madereva, wafanyabiashara wa mchele, watu wenye mawakala Dar es Salaam, wote wakitaka barua ya Kiswahili kilichonyooka walikuwa wanaambiwa waende papeteri ya Nyiraneza, duka hilo la Mama la karatasi na uchapaji, pale karibu na kituo cha mabasi. Anayetaka barua ya Kiswahili cha Kigali aende kwingine.

Basi karibu na Pasaka Mama akaanza kuilalamikia. Mara imechoka, mara imemeza faili alilolihifadhi jana. Anakaa mbele ya kioo anakitazama, ukimuuliza anasema anaisubiri iamke. Mimi nikaona ni kweli, maana feni yake ilikuwa inakoroma kuliko Baba, Mungu amrehemu. Halafu likaja hili la herufi. Mteja anarudi na barua yake, anaonyesha palipoandikwa "kuripa" badala ya "kulipa", "baluwa" badala ya "barua". Kaka, kwenye karatasi iliyotoka kwa Mama yetu.

Wewe unajua R na L ni nini katika nyumba yetu. Mama alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa Bibi, akakulia Karagwe, na darasa la kwanza mwalimu alimchapa mbele ya watoto wote kwa kusema "kurara". Akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayechekwa hivyo. Ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili tu, na ndiyo maana tulikula mapigo ya mwiko kichwani huku tukirudia ule wimbo wake, kura hailiwi na kula hakupigwi. Tuliporudi Rwanda na watu wote wakawa wanachanganya, yeye alikuwa anasahihisha hadi kondakta. Mchungaji akisema "tumuombe Mungu bira kuchoka", Mama anakohoa.

Nikamwita Twahiru, fundi anayetengeneza kompyuta za shule pale juu. Akaifungua, akapuliza vumbi, akatueleza bila kuficha. Sanduku bado lina nguvu. Tunaweza kuliongezea memori, kubadilisha diski tuweke zile za kisasa, tununue na kibodi nyingine, mashine itakimbia. Ila programu mpya za Windows zitaikataa kwa sababu ya umri, kwa hiyo siku moja tutalazimika kuiacha tu. Mama akamwambia akipata memori ya kuzidi ambakizie na yeye kidogo. Tulicheka wote watatu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Wewe ukasema, unakumbuka, kwamba kulitia viraka gari bovu ni kulipamba tu kwa ajili ya safari ya gereji. Ukasema tununue mpya. Mimi nikakujibu kwamba wewe uko Mwanza, hujui mashine inakaa mahali gani moyoni mwa mtu. Tukanuniana wiki nzima. Nikafuata langu, Twahiru akafanya kazi yake, na kusema ukweli mashine ikawa inawaka kabla hujavuta kiti. Mama akaisifu, akakikung'uta kitambaa, akarudi kazini. Na makosa yakarudi naye.

Hapo ndipo lilipotokea la Mzee Usumani. Hili nilikusimulia nusu tu, sasa pokea na nusu ya pili.

Mzee Usumani ni yule fundi cherehani wa mlango wa tatu kutoka kwetu, na binti yake Umulisa amechumbiwa Kigoma. Mahari ilishakubaliwa, Fatiha ilishasomwa. Kilichobaki ni ukumbi, maana upande wa bwana harusi walichagua ukumbi mdogo na Mzee ana ukoo wa kujaza mabasi. Yeye mambo ya ndoa hayasemi kwenye simu, anataka barua. Akaja, akamtajia Mama maneno ya kuandika kwa Kiswahili chake cha hapa hapa, kwamba mahali mliyosema iko ndogo, haitatutosha, tunaomba muongeze. Zamani Mama angemsimamisha hapo hapo, amwambie mahali ni padogo, hapatatutosha, na angeandika hivyo, na hata herufi ingeteleza mtu angeelewa. Safari hii aliandika kama alivyosikia. Na kwenye "mahali" akaweka R.

Kwa hiyo wazee wa Kigoma wakafungua bahasha wakasoma kwamba mahari mliyosema iko ndogo, haitatutosha, tunaomba muongeze. Kaka, waliwaka. Wakajibu kwamba kama binti yuko sokoni basi atafutiwe mnunuzi mwingine. Umulisa alilia mpaka sauti ikakauka, na mchumba wake akawa hapokei simu.

Mzee Usumani alikuja na karatasi zote mbili. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliziweka mezani, akamwomba Mama asome. Mama akasoma, akasoma tena. Kisha akasema, ni hii kompyuta. Na mimi nikaruka kumtetea, nikasema ndiyo Mzee, ni hii kompyuta, imetusumbua tangu Pasaka, nikalipiga sanduku kofi kabisa mbele yake. Mzee aliitazama mashine, akamtazama Mama kwa muda, akasema polepole kwamba kweli, mashine za siku hizi haziaminiki. Akachukua karatasi zake akaenda kuwapigia simu wa Kigoma, yeye asiyesema mambo ya ndoa kwenye simu, kuwaeleza kwamba kosa ni la kompyuta. Wameelewana, harusi ipo, ingawa kuna shangazi mmoja huko bado amevimba.

Nusu uliyoisikia wewe iliishia kwenye kofi. Ndipo ukasema si nilikwambia, ukaahidi mpya.

Nusu nyingine ni hii. Nilimrudisha Twahiru. Akakaa, akaandika "kulala mahali pa raha", ikatoka safi. Akaandika tena na tena, safi. Akamwomba Mama akae aandike maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, na sikutazama kioo, nilitazama vidole vyake, vile vidole vilivyokuwa vinapiga taipureta ya ofisi ya wilaya bila yeye kuangalia chini. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye R. Hakikuteleza, kaka, kilikwenda kama mtu anayekwenda kwake. Kwenye kioo pakaandikwa "kurara mahari pa laha". Mama akageuka kwa Twahiru, ameshinda, akamuuliza umeona.

Twahiru akasema ameona. Akasema ni ya zamani sana, Mama. Akainama kukusanya bisibisi zake na hakuinua tena uso mpaka anatoka.

Bado nilijidanganya. Jioni hiyo hiyo Mama alimaliza kula, akakunja kanga, akaniambia haya, tukarare. Nikacheka nikidhani anamwigiza mchungaji. Hakuwa anamwigiza mtu. Alinikodolea macho akaniuliza kwa Kinyarwanda nacheka nini.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda, ile ya kila mwezi ambayo barabara hufungwa tufanye usafi wa pamoja. Mimi nilikuwa na wenzangu tunafyeka mtaro, barabara ikafunguliwa, malori yakaanza kupita. Cassien anasema alimwona mama mmoja amesimama ukingoni amevaa gauni la kanisani, anayapungia malori yanayoshuka mpakani Rusumo. Alipokaribia akaona ni Mama. Alisimama, na Mama akamwomba kwa adabu, kwa Kinyarwanda cha mtoto, amfikishe Karagwe kwa mama yake kwa sababu giza likiingia atamtafuta. Cassien alimpandisha, akazunguka naye kidogo mpaka akatulia, akamrudisha nyumbani. Kama hutaniamini mimi, muulize yeye huyo aliyekukabidhi barua. Nimemruhusu akujibu.

Nilimpeleka Kiyovu kwa daktari, nikimwambia ni macho. Daktari ni mama mpole, alimuuliza mambo kwa Kinyarwanda na Mama akajibu vizuri, hata akamtania. Alipomgeuzia Kiswahili, maana nilimweleza kazi yake, Mama akaanza kutafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani ndani ya mkoba. Daktari akaniita pembeni. Ni ugonjwa wa ubongo, ule wa kusahau. Kuna dawa za kuupunguza mwendo, za kuuponya hakuna. Akasema kwa wengi ulichojifunza baadaye kinaondoka kwanza, na ulichonyonya kwa mama kinabaki mwisho.

Nilikasirika, kaka. Sikujua namkasirikia nani. Kiswahili cha Mama, kile alichochapiwa viboko, kile alichotulishia na kutuvalishia, ndicho kinachoanza kuchukuliwa. Kwa nini ugonjwa usianze na yale mabaya aliyopitia. Nilisimama kwenye korido ya watu nikalia bila aibu, mpaka askari wa mlangoni akaniletea kiti.

Tulipotoka Mama aliomba tuketi kidogo kwenye benchi la kituo. Mabasi mawili ya Kabuga yakapita hakuinuka. Ndipo akaniambia kwamba yeye si mjinga. Alisema anajua haikuwa macho. Anajua haikuwa kibodi wala diski, alijua tangu Pasaka, siku alipotaka kuandika "Bwana amefufuka" akakaa mbele ya mashine asijue mkono aupeleke wapi. Kisha akaniuliza kama ni kweli Johnson analeta kompyuta mpya. Nikamwambia ni kweli. Akasema kwamba sasa hivi watu wakiona kosa wanasema mashine ya Nyiraneza imezeeka, na yeye anavumilia, maana mashine haina uso wa kuaibika. Ikija mpya, akaniuliza, atasingizia nini?

Hajalisema tena neno hilo, na mimi sijamkumbusha. Huenda ameshalisahau. Mimi sitalisahau.

Kwa hiyo sasa tunaishi hivi. Mama anaandika, na kabla ya kuchapa mimi najifanya nahesabu karatasi, naipitia kazi yote, narudisha kila L kwake. Na nadhani Kabuga nzima imeshajua, ila hakuna aliyeambiwa. Mzee Usumani analeta vijibarua ambavyo najua hana haja navyo, akishasoma anamwambia Mama kwa sauti ya kusikika nje kwamba hii mashine yako inakuonea, ungekuwa mkali nayo. Twahiru anapita, anafungua sanduku, anapuliza vumbi ambalo halipo, anatikisa kichwa. Wateja wanaikaripia. Mashine yenyewe, maskini, ina diski mpya na memori tele, haijawahi kuwa na afya kama sasa, na inatukanwa kutwa kwa ajili ya Mama yetu.

Sasa sikiliza la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wewe ulibaki shuleni Tanzania kwa mjomba tuliporudi. Kinyarwanda chako ni cha kusalimia na kuomba chumvi, tunakutania kila ukija. Mimi nilikipata hapa mitaani. Mama alituficha lugha yake ili tusichekwe kama alivyochekwa yeye, akatupa Kiswahili peke yake, na wewe hicho ndicho ulicho nacho. Sasa yeye anarudi kule alikotoka, na njia anayorudia wewe huijui. Itafika siku, kaka, utakaa naye chumba kimoja, yeye ana maneno yake na wewe una yako, na hakuna hata moja litakalovuka. Daktari hakutaja siku. Mimi naziona zinakuja.

Ndiyo maana nasema usitume kompyuta. Njoo wewe. Njoo wakati bado kuna Kiswahili cha kukusuta kwamba umenenepa. Na ukifika usimsahihishe. Akisema "kurara", mwambie haya Mama, tukarare.

Nisalimie wifi, mwambie kile kitenge kimefika na kimenikaa. Wabusu watoto, na Ntare avae sweta hata kama hataki. Salamu kutoka kwa Mzee Usumani, ambaye anasema kwenye harusi una kiti chako, ukumbi umepatikana mkubwa. Kama kuna neno limekuumiza humu, limeniumiza mimi kwanza. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Mama ameniona naandika, akauliza ni ya nani. Ameomba nimwachie nafasi chini akusalimie kwa mkono wake. Nimekunja karatasi asione ya juu, nikampa kalamu. Alichoandika nimekiacha hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Gwiza

Johnson mwanangu. Habali za huko. Mimi mzima ni mguu tu. Wasarimie watoto na mke wako. Kalibuni nyumbani ture pamoja. Usijari makosa mwanangu, ni hii kompyuta.
Mama yako